Wajibu

Hapa Mabela wanauita wajibu.
Mundhiri, miaka minane, anautua mlangoni
pamoja na viatu na mchanga wa uwanjani:
"Mama, leo nina wajibu tatu."
Mimi niliyekulia Tanga, neno hilo
nalijua la mimbarini,
mtu na wazazi wake, mtu na deni lake.
Nikashtuka: mtoto huyu kakopa nini?
Kumbe hesabu kurasa mbili,
aya za kuhifadhi,
na haragwe ndani ya pamba, dirishani, siku saba.

Kwetu tuliita kazi ya nyumbani,
na nyumbani kazi hazikuwa hiyo tu.
Sitasema uongo: niliipenda.
Nikifungua daftari, mama hanitumi kisimani,
masufuria wanasugua wengine.
Niligawanya, nikafuta, nikagawanya tena
hesabu ileile, mpaka sauti ya vyombo ikome.
Ndiyo siri ya kufaulu kwangu. Si akili.

Mundhiri hana kisima cha kukimbia.
Basi humshusha saa nane, lami inanuka,
anakula wali na samaki jicho moja limelala,
alasiri chuoni,
na baada ya isha, mimi nimerudi zahanati,
ndipo vita.
Penseli inachongwa mpaka inabaki kidole.
Kiu. Haja ndogo. Kiu tena.
"Saba mara nane?"
Anakitazama kiyoyozi, labda jibu litadondoka.
Namsomea kwa Kiarabu changu cha kuungaunga,
ananisahihisha, anacheka,
na hiyo ndiyo raha yetu ya usiku mzima.
Saa nne yuko juu ya daftari,
shavu limechapwa namba.
Nachukua penseli. Naiga mwandiko wake,
herufi zinazoegemeana kama walevi.
Najitolea fatwa: hii ni faradhi ya kifaya,
akitenda mmoja, wengine imewaondokea.

Haragwe likaoza.
Baridi ya mashine usiku, jua la kioo mchana,
hata mimi ningeoza.
Usiku wa saba pamba inanuka soksi.
Nikatoka na kanzu ya kulalia hadi kwa Bi Shinuna;
Rahma wake kaotesha lake wiki iliyopita,
majani mawili, shingo ndefu, lina maringo.
Tukanong'ona jikoni, watu wazima wawili,
kama wezi wa kuku,
tukilihamisha kopo kwa kopo.

Alhamisi akarudi na nyota ya dhahabu.
Viatu hakuvua.
Akanipita, akatoka, akaenda kwa jirani,
akaibandika mlangoni pao, chini kidogo ya kitasa,
pale unapofika mkono wa Rahma.
Hakunisema.
Bora angenisema.

Nilitaka kumuuliza mwalimu: haya ni ya nini?
Nikamkuta dukani, foleni ya malipo,
watoto watatu, mmoja analilia wajibu wake,
na kapuni, juu ya maziwa na mikate,
kalamu nyekundu, pakiti nzima.
Akanitazama. Nikamtazama.
Nikamsaidia kubeba maziwa.

Usiku baba yake akapiga kutoka Fahudi,
kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, mbili hapa.
"Mtoto kamaliza wajibu?"
Mtoto yuko sakafuni.
Kalitoa haragwe bovu kwenye ndoo ya taka,
analipasua kwa ukucha, analinusa,
anakunja uso, ananusa tena.
Hakuna aliyemwagiza.
"Yeye ndiyo," nikasema.
"Mimi bado. Nina vyombo."